Mteremko Kabla ya Msumeno: Kupima Hatari ya Maporomoko Kutoka Elgon Hadi Mto Malaba

Mteremko wenye miti husimama kwa sababu nguvu zinazoushikilia zimezidi nguvu zinazouvuta chini, na mara nyingi ziada hiyo ni ndogo. Miti inapovunwa, sehemu ya nguvu za kushikilia huondoka. Haiondoki siku ileile; hupungua polepole kadiri mizizi inavyooza chini ya visiki. Ndiyo maana tathmini ya hatari ya maporomoko ya ardhi haiishii kuuliza kama mlima utasimama siku ya kuvuna. Huuliza kama utasimama katika mvua kubwa kuliko zote za miaka inayofuata, wakati mizizi ya zamani imekwisha na ile mipya haijakomaa.

Katika Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, swali hilo huonekana kuwa la watu wa mbali. Kaunti ya Busia huanzia mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, ufukweni mwa Ziwa Victoria, na haipandi zaidi ya mita 1,500 hivi katika vilima vya Samia na vya Teso Kaskazini. Janga linalojulikana huko ni mafuriko ya Budalang'i, si mlima kukatika. Hata hivyo, kaunti hiyo iko chini ya milima ya wengine, na maji yake mengi yametoka huko. Mto Lwakhakha huteremka kutoka Mlima Elgon ukiwa mpaka wa Kenya na Uganda, kisha huitwa Malaba, hupita chini ya daraja la mpakani, huungana na maji ya Malakisi na kuelekea Mpologoma hadi Ziwa Kyoga. Mto Sio huenda upande wa pili, hadi Ziwa Victoria. Nzoia, inayoingia ziwani Budalang'i, hukusanya maji ya Cherangani na ya Elgon pia. Udongo ukikatika juu, tope lake hufika chini, na mwenye shamba kando ya mto hulipia uvunaji ambao hakuulizwa habari zake.

Biashara ya mbao nayo huunganisha sehemu hizo. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha uvunaji katika misitu ya umma na ya jamii, na kwa miaka zaidi ya mitano soko lilitegemea zaidi miti ya mashambani na mbao zilizoingia kutoka nchi jirani, nyingi zikipitia Busia na Malaba. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa marufuku hiyo. Misitu ya kupandwa iliyokuwa imekomaa na kupita umri wa kuvunwa ilikuwa ikisubiri, na Elgon ni mojawapo ya mahali yenye misaipresi na misonobari ya aina hiyo. Msitu uliochelewa kuvunwa huvuta haraka ya kukata eneo kubwa kwa mpigo mmoja. Kwa mteremko, hakuna haraka mbaya kuliko hiyo.

Fundi wa udongo hupima usalama wa mteremko kwa kugawanya nguvu za kushikilia kwa nguvu za kuvuta. Jibu likiwa 1, mteremko uko ukingoni, likishuka chini ya 1, unakatika, likiwa 1.5, kuna nafasi ya kupumua. Upande wa kuvuta ni uzito wa udongo na maji yaliyomo, pamoja na ukali wa mteremko. Upande wa kushikilia una mambo matatu: msuguano wa chembe kwa chembe, mshikamano wa udongo wenyewe, hasa wa mfinyanzi, na mshikamano unaoongezwa na mizizi inayopita katika tabaka ambapo udongo ungeteleza. Maji yanapojaa katika vitundu vya udongo husukuma chembe zitengane na kupunguza msuguano. Mvua, kwa hiyo, hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: huongeza uzito na hupunguza mshiko, na hiyo ya pili ndiyo yenye madhara makubwa zaidi.

Mfano wa hesabu utaonyesha ukubwa wa jambo. Chukua mteremko wa digrii 30, udongo wenye kina cha mita 2 juu ya mwamba mgumu, uzito wa kilonyutoni 18 kwa mita ya ujazo, pembe ya msuguano ya digrii 28, mshikamano wa udongo kilopaskali 4 na wa mizizi kilopaskali 5. Udongo ukiwa mkavu, kipimo cha usalama ni 1.5. Maji yakipanda hadi nusu ya kina, kipimo hushuka hadi 1.25. Sasa ondoa mizizi peke yake. Katika ukavu kipimo ni 1.18, na maji yakifika nusu ya kina huwa 0.93. Mteremko uleule na mvua ileile: wenye mizizi husimama, usio na mizizi hukatika. Aliyeutazama kiangazi baada ya kuvuna aliona kilima kilichotulia kabisa.

Hesabu hiyo ina mipaka yake, na mipaka hiyo ni sehemu ya tathmini. Mizizi husaidia pale tu inapovuka tabaka la kuteleza na kuingia katika ardhi ngumu chini yake, au inaposhikana pembeni na mizizi ya miti jirani. Udongo ukiwa na kina cha mita 6 au 8, na mahali pa kuteleza pakiwa chini kabisa, mizizi ya msaipresi haifiki, na mlima unaweza kukatika na miti yake ikiwa imesimama wima. Msitu si hakikisho popote. Anayeahidi kwamba kupanda miti kutazuia kila poromoko anawadanganya watu wanaolala chini ya mlima.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni muda. Mzizi wa mti uliokatwa na usiochipua hufa, kisha huoza. Vipimo vilivyofanywa New Zealand kwa misonobari ya aina ya radiata vilionyesha kwamba mizizi hupoteza karibu nusu ya nguvu yake ya kuvutwa ndani ya miezi 15 hivi. Miche iliyopandwa upya huhitaji miaka kadhaa kabla mizizi yake haijashikana chini ya ardhi. Kati ya hapo pana pengo, ambalo huko New Zealand huhesabiwa takribani kati ya mwaka wa pili na wa nane baada ya kukata. Katika nchi za joto na unyevu uozo huenda haraka zaidi, lakini miti nayo hukua haraka zaidi, kwa hiyo pengo laweza kuwa fupi, haliwi sifuri. Msimu hatari basi si ule wa uvunaji. Ni masika ya mwaka wa pili, wa tatu na wa nne, ambapo mnunuzi wa magogo amekwisha kusahau njia ya kufika pale.

Hapa aina ya mti hubadilisha hukumu yote. Mkaratusi uliokatwa vizuri huchipua kutoka kisikini, na kisiki kinachochipua kina mizizi hai. Mkulima wa Teso au wa Butula anayevuna nguzo na kuacha visiki vichipue hapotezi mshiko wote wa mizizi. Msaipresi na msonobari haichipui. Ikikatwa, imekufa hadi ncha ya mzizi. Ekari moja ya mikaratusi na ekari moja ya misaipresi, katika mteremko uleule, ni maswali mawili tofauti. Kinyume chake, mkulima anayevuna mikaratusi kisha akang'oa visiki ili arudishe shamba kwenye mahindi ameuondoa mshiko wa mizizi siku moja na kuulegeza udongo kwa jembe. Uvunaji wa aina hiyo ni mkali kuliko unavyoonekana katika kibali chochote.

Katika misitu ya serikali pengo hilo huongezwa na mfumo wa shamba, ambao katika sura yake ya karibuni hujulikana kama PELIS. Baada ya kuvuna, wakulima hupewa vipande walime viazi, mahindi na maharagwe huku wakitunza miche, kwa miaka mitatu hivi, hadi kivuli kifunge. Mfumo huo umelisha kaya nyingi na umeotesha misitu kwa gharama ndogo, na katika ardhi tambarare ni wa kutetewa. Lakini katika mteremko mkali, miaka yake mitatu huangukia palepale ambapo mizizi ya zamani inakatika na mipya haijafika. Jembe hufungua udongo wa juu, maji huingia kwa wepesi, na hakuna kinachoyanywa msimu mzima kama msitu ulivyoyanywa. Eneo la kuvunwa lisipite kutoka kwa msumeno hadi kwa jembe bila mteremko wake kupimwa upya.

Ushahidi ulio karibu zaidi uko ng'ambo ya mpaka. Tarehe 1 Machi 2010 mteremko ulikatika juu ya kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa, upande wa Uganda wa Elgon, ukafukia nyumba, kituo cha biashara na kituo cha afya. Ilihofiwa kwamba zaidi ya watu 300 walikufa; miili iliyopatikana ilikuwa takribani 100. Maporomoko yalirudi Bududa mwezi Juni 2012, na tena Oktoba 2018, ambapo mto uliobeba mawe na magogo ulipasua vijiji vya Bukalasi. Tarehe 27 Novemba 2024 ilikuwa zamu ya wilaya ya Bulambuli, kaskazini zaidi. Kenya imeona yake: Pokot Magharibi mwezi Novemba 2019, watu zaidi ya 50 wakafa, na Chesongoch, Elgeyo Marakwet, usiku wa kuamkia 1 Novemba 2025.

Haya hayakusababishwa yote na uvunaji wa mbao, na si haki kusema hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, ukiongozwa na Anke Knapen pamoja na watafiti wenzake akiwemo Mary Kitutu wa Uganda, uliyachora maporomoko 98 katika eneo la Manjiya, ambalo leo ni Bududa, yaliyokuwa yamehamisha takribani mita za ujazo milioni 11 za udongo. Sehemu zilizokatika zaidi zilikuwa miteremko mikali iliyobonyea, iliyo mbali na kilele, na iliyoelekea upande mvua inakotokea. Sababu za asili zilikuwepo tangu zamani: udongo wenye kina, majivu na mawe ya volkeno yaliyooza kuwa mfinyanzi, mvua nyingi. Binadamu aliongeza za kwake kwa kukata msitu na kwa kuchimba ngazi katika mteremko ili apate uwanja wa nyumba na njia ya kupita.

Neno la kushika hapo ni kubonyea. Mtu akitafuta hatari hutazama genge lililosimama wima na kuupita mkunjo wa kilima uliojaa ndizi na nduma. Kumbe maji ya chini ya ardhi hukusanyika katika mkunjo huo, na udongo ulioteremka kwa maelfu ya miaka umejazana humo hadi ukawa na kina kikubwa. Ukingo uliotokeza, hata ukiwa mkali zaidi, maji yake hutawanyika na udongo wake ni mwembamba juu ya mwamba. Ukali peke yake ni mwongozo mbaya.

Kazi ya tathmini huanzia mezani. Ramani ya 1:50,000 ya Idara ya Upimaji hutoa sura ya jumla, na data ya mwinuko ya satelaiti, ile yenye chembe za mita 30, huwezesha kutengeneza ramani ya mteremko na ya mikunjo inayokusanya maji. Vyote viwili havioni kovu la upana wa mita 15. Picha za satelaiti za miaka mbalimbali husaidia zaidi: makovu ya maporomoko ya zamani hubaki rangi tofauti kwa muda mrefu, na poromoko la zamani ni shahidi bora kuliko hesabu yoyote, kwa sababu ardhi yenyewe imeshasema inakatikia wapi. Mezani ndipo pia panapotolewa jibu la kwanza: eneo lipi halihitaji kukaguliwa zaidi, lipi likaguliwe kwa miguu, na lipi liachwe.

Kisha miguu. Mkaguzi aliye makini hukagua eneo la kukatwa na pia lililo juu yake na chini yake hadi mtoni, kwa sababu maji huingia kutoka juu na udongo hufika chini. Klinomita hutosha kupima ukali; palipokosekana, fremu A ya mbao na timazi, ambayo wakulima wengi wa magharibi mwa Kenya huijua kwa kuchorea makingamaji, hufanya kazi ileile. Anachokitafuta ni dalili za ardhi inayotembea: miti kadhaa iliyo karibu ambayo mashina yake yamepinda chini yakanyooka juu, nyufa za nusu duara upande wa juu wa kilima, uso wa ardhi wenye vinundu na vijibwawa mahali palipopaswa kuwa laini, ua au nguzo zilizoinama zote upande mmoja, matete na nduma katikati ya mteremko mkavu. Chemchemi mpya, au ya zamani iliyoanza kutoa maji yenye tope, ni onyo la karibu sana. Mti mmoja uliopinda hauthibitishi kitu, kwani upepo na mifugo hupinda miti. Kumi katika mstari mmoja ni habari nyingine.

Kina cha udongo ndicho kipimo kigumu kupata na ndicho chenye thamani kubwa. Keekee ya kutobolea udongo hufika mita chache, lakini hugota kwenye mawe. Njia nafuu ni kutazama palipokwisha kukatwa: kingo za barabara, machimbo ya changarawe, kuta za visima. Wachimba vyoo na visima wa kijiji huujua mlima wao. Wataeleza walifika wapi kwenye mwamba, walikutana na mfinyanzi wa rangi gani, na maji yalianza kuingia shimoni kina gani na mwezi gani. Mahali ambapo udongo mwekundu unaopitisha maji umekalia tabaka la mfinyanzi au mwamba uliooza usiopitisha ndipo maji husimama na kuteleza huanza. Wazee wa Kisabaoti, Kibukusu na Kiteso nao hukumbuka mvua ya El Niño ya 1997 ilikata wapi, na kumbukumbu hiyo inafaa kuandikwa katika ripoti kwa uzito uleule wa namba za keekee.

Baada ya hapo eneo hugawanywa. Kanuni za Kenya za matumizi ya ardhi za mwaka 1965, zilizotungwa chini ya Sheria ya Kilimo ya zamani, ziliweka mipaka miwili ambayo bado ina maana kiutendaji: mteremko wa zaidi ya asilimia 12 ulimwe kwa hifadhi, na wa zaidi ya asilimia 35, yaani digrii 19 hivi, usilimwe wala kuondolewa uoto. Asilimia 35 ni mpaka wa busara kwa jembe. Kwa uvunaji wa miti ni mkali mno mahali pengine na mlegevu mahali pengine: ukingo uliotokeza wenye asilimia 45 na mwamba karibu unaweza kuvunwa kwa uangalifu, na mkunjo wa asilimia 30 wenye mfinyanzi wa kina na chemchemi usiguswe kabisa. Uainishaji unaofaa huunganisha ukali, umbo, kina, maji, makovu, na kilicho chini. Jambo hilo la mwisho ndilo linalotofautisha uwezekano wa kukatika na hatari yenyewe. Mkunjo unaoweza kukatika juu ya bonde lisilo na mtu ni hasara ya udongo. Ukiwa juu ya shule ya msingi, ni suala la uhai, na kiwango cha tahadhari hakiwezi kuwa kilekile.

Uzoefu wa misitu ya milimani duniani unaonyesha kwamba barabara za magogo huleta maporomoko mengi kuliko eneo lilelile bila barabara, na mara nyingi kuliko ukataji wenyewe. Sababu ni rahisi. Barabara hukata mguu wa mteremko wa juu, humwaga udongo uliochimbwa juu ya mteremko wa chini, na hukusanya maji ya kilima kizima katika mtaro mmoja unaoyatapika mahali pamoja. Visiki na matawi vikifukiwa ndani ya kifusi cha barabara huoza, na barabara huzama miaka michache baadaye. Mpango wa uvunaji usioonyesha mahali pa kila kalvati na pa kila mtaro wa kutolea maji haujakamilika, hata ukiwa na orodha ya miti hadi wa mwisho.

Mwelekeo wa kukokota magogo una uzito kama huo. Magogo yakivutwa kuelekea chini, njia zote hukutana bondeni, na mvua ya kwanza hufuata michirizi hiyohiyo hadi mtoni. Yakivutwa kuelekea juu, hadi barabara ya ukingoni, njia hutawanyika kadiri zinavyoshuka na maji hutawanyika nazo. Kuvuta juu kunahitaji winchi au trekta lenye nguvu, na gharama hiyo ndiyo inayofanya watu wachague chini. Ng'ombe na mikono huumiza udongo kidogo kuliko trekta, mradi njia zigeuzwegeuzwe. Kiangazi cha Desemba hadi Februari ndicho cha kufanyia kazi hiyo. Kuendesha mashine katika mvua za Machi hadi Mei ni kukandamiza udongo wenye maji, na mikondo ya matairi huwa mifereji.

Mabaki ya uvunaji nayo yana safari yake. Juni 2018, Tolaga Bay nchini New Zealand, mvua kubwa iliteremsha magogo na matawi yaliyoachwa kwenye miteremko ya misonobari, yakafunika mashamba na ufuko. Mabonde ya Lwakhakha na Malakisi ni membamba huko juu na yana madaraja madogo mengi. Magogo yakikwama chini ya daraja hufanya bwawa, na bwawa likipasuka maji yake yana nguvu kuliko mafuriko ya kawaida. Matawi madogo yaachwe juu yalinde udongo. Mashina na vipande vikubwa vitolewe kwenye mikunjo na kando ya vijito. Ukanda wa ukingo wa mto, ambao kanuni za Kenya huuweka kati ya mita 6 na 30 kutoka kiwango cha juu cha maji, uchukuliwe upana wake wote palipo na mteremko.

Kuna ushauri mmoja wa hifadhi unaohitaji kupimwa upya katika ardhi ya aina hii. Matuta ya fanya juu yamesifiwa kwa haki tangu zamani kwa kuzuia udongo kuchukuliwa na maji, kwani huyasimamisha maji yaingie ardhini. Katika mkunjo wenye mfinyanzi chini, maji kuingia ardhini ndiko kunakotakiwa kuzuiwa. Hapo mtaro wa kukinga maji upande wa juu, wenye mwinuko mdogo unaoyapeleka kwenye mkondo wenye mawe, ni salama kuliko tuta linaloyashika. Ofisa wa kilimo na ofisa wa misitu wanaweza kutoa mashauri yanayogongana kuhusu shamba moja, kila mmoja akiwa sahihi katika somo lake.

Katika Busia yenyewe kipimo cha kazi ni kidogo lakini si cha kudharau. Vilima vya Samia vina miamba ya kale yenye chuma. Amukura na maeneo ya Teso yana graniti yenye mawe makubwa yaliyolala juu ya udongo. Hatari hapo ni jiwe lililoegemea mti au kushikwa na mizizi, linalobaki bila mhimili mti unapoondoka, huku nyumba zikiwa mguuni mwa kilima. Kingo za Sio na Malaba hukatwa na maji kutoka chini, na mikaratusi inayoondolewa ukingoni huacha ukuta wa udongo usioshikwa na kitu. Machimbo ya murami na ya mawe yaliyochimbwa chini ya shamba la miti yameshaondoa mguu wa mteremko kabla ya msumeno kufika. Kwa mkulima mwenye nusu ekari, tathmini nzima yaweza kufanywa asubuhi moja: kupanda hadi juu, kutazama mawe na nyufa, kuuliza maji hutokea wapi masika, kupima ukali kwa fremu A, na kuamua nini kikatwe mwaka huu na nini kisubiri machipukizi ya mwaka huu yashike. Kukata kwa zamu, ukanda mmoja baada ya mwingine ukifuata usawa wa mteremko, huacha sehemu ya mizizi hai wakati wote.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 inatambua vilima na miteremko iliyo hatarini na kuagiza ihifadhiwe na kupandwa upya. Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inadai mipango ya usimamizi. NEMA inayosimamia mazingira, KFS inayosimamia misitu, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kila moja ina sehemu yake. Upungufu uko katika karatasi zinazotumika kila siku. Kibali cha kuvuna na cha kusafirisha hutaja aina ya miti, idadi, ujazo, mwenyewe na njia ya lori. Havina mstari wa mteremko, wa umbo la kilima, wala wa nani anaishi chini yake. Vizuizi vya barabarani hukagua mzigo uliotoka, na hakuna anayekagua shimo lililobaki. Kuongeza ukurasa mmoja wa mteremko katika maombi, uliojazwa na mtu aliyefika mahali penyewe, kungegharimu kidogo kuliko kalvati moja.

Mpaka wa nchi huongeza ugumu wake. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao Kisumu, imewahi kuendesha mpango wa pamoja wa hifadhi ya Elgon, na Mpango wa Bonde la Mto Nile ulikuwa na mradi wa mito ya Sio, Malaba na Malakisi kwa nchi zote mbili. Kinachohitajika sasa ni kidogo na cha kawaida zaidi: eneo la kuvunwa katika miteremko inayomwaga Lwakhakha litangazwe kwa chifu wa upande wa Kenya na kwa viongozi wa upande wa Uganda kabla ya kuanza, pamoja na ramani ya mikunjo yenye hatari, ili wa chini ajue ni mto upi wa kuutazama na kwa masika mangapi.

Ripoti ya tathmini haifungwi lori la mwisho likiondoka. Vigingi vilivyopigwa katika mstari ulionyooka kukatiza mkunjo wenye shaka, vikipimwa kila baada ya masika na vuli, huonyesha kama ardhi inatembea: kigingi kilichotoka kwenye mstari kwa sentimita chache hutosha kuwahamisha watu kabla ya mvua inayofuata. Ufa uliojitokeza huzibwa kwa mfinyanzi uliokandamizwa ili maji yasiingie, na maji ya juu hugeuzwa siku hiyohiyo. Miche ikifa hupandwa mingine mwaka huohuo, kwa sababu kila mwaka wa kuchelewa huongeza mwaka katika pengo la mizizi. Ukaguzi huo uendelee angalau miaka minane kwa misaipresi na misonobari, na kwa mikaratusi hadi machipukizi yafunge kivuli. Na aliyepewa kibali ndiye augharamie, kwa dhamana iliyowekwa kabla ya mti wa kwanza kuanguka na kurudishwa kwa mafungu kadiri masika yanavyopita.